Korongo Dogo Kuliko Mimi

Siku niliyombebea Bibi Somoe mtungi wake, tukimhamisha kutoka Nandagala, naikumbuka vizuri kuliko hata siku ya harusi yangu, na bibi yako asisikie. Mtungi ulikuwa kichwani kwangu kwa sababu alikataa katakata ufungwe kwenye baiskeli pamoja na mikeka na masufuria. Yeye alitangulia na fimbo yake, na njia nzima hakugeuka nyuma. Mimi nilimfuata kifua mbele. Nilijiona nimemwokoa.

Mwanangu Rehema, wewe ni mjukuu wangu, najua, lakini mdomo wangu umezoea kumwita kila mtoto mwanangu na kwa umri huu siubadilishi tena. Juzi ulinipigia simu kutoka chuoni ukiwa na hasira. Uliniambia mnapima anga linatanuka kwa kasi gani, kwamba makundi ya nyota yanazidi kuachana, na kwamba watu wenye akili zao wamelipima jambo hilo kwa njia nyingi na majibu hayaelewani. Wanaopima kwa nyota za karibu wanapata kasi kubwa, wanaopima kwa mwanga wa zamani sana wanapata ndogo. Ukasema wewe na wenzako mmeshaamua nani amekosea, na kwamba kwenye kazi yako ya kumalizia masomo jibu la upande wa pili utaliacha nje kabisa. Nikakuuliza wamekosea wapi. Ukasema, "Hatujui, Babu, lakini lazima wamekosea." Simu ikakatika. Kama ulikuwa mtandao au ulikuwa wewe, sitaki kujua.

Sasa nakuandikia kwa mkono wangu, uvumilie mwandiko. Elimu ya nyota sina. Nina elimu ya korongo moja tu, na ilinigharimu aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka nashika kichwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimetoka Nachingwea, kwenye yale mashamba makubwa ya karanga ya Wazungu, ambako misimu miwili ya kiangazi nilifanya kazi na wapimaji ardhi. Nilikuwa mshika mnyororo. Kazi yenyewe ni kuvuta mnyororo wa kupimia kutoka kigingi mpaka kigingi na kupiga kelele ukifika. Lakini nilikuwa nimejifunza kusoma namba kwenye daftari lao, na nilijua kwamba wanapima mara tatu, wakipata majibu yanayokaribiana wanayaamini, na likitokea moja limekwenda upande wake wanalikata kwa kalamu nyekundu. Kazi ilipopungua kule tukarudishwa makwetu. Nikarudi Nandagala kwa watu wa mama yangu, nimevaa kaptula ya kaki yenye mikunjo, na penseli nyuma ya sikio. Penseli hiyo sikuitoa hata wakati wa kula. Ndugu zangu walinicheka, nami nikadhani wananionea wivu.

Nyumba ya Bibi Somoe, mama yake mama yangu, ilikuwa karibu na korongo. Korongo lile kila masika lilikuwa linakula ardhi upande wetu. Maji yalipita chini yakachimba ukingo, na ukingo ukaporomoka mabonge kwa mabonge. Bibi alikuwa mfinyanzi. Udongo wake aliuchimba humohumo korongoni, udongo mwekundu unaonata, na vyungu vyake vilisifiwa mpaka Ruangwa mjini. Kwa hiyo korongo lililokuwa linamfuata nyumbani ndilo hilohilo lililokuwa linampa kazi, na yeye hakuliona kama adui. Alikuwa akilisema kama unavyomsema jirani mwenye tabia mbaya ambaye umemzoea.

Mjomba wangu Rashidi, mtoto wake wa kwanza, hakulala vizuri. Unajua kwetu mjomba ndiye mwenye ukoo. Likimpata mama yake jambo, ataulizwa yeye. Alikuwa amehamia Nkowe, mwendo wa nusu siku kwa miguu, na alitaka kujua jambo moja tu: mama akae, au ahamishwe kiangazi hiki kabla mvua hazijaanza? Siku moja aliniita mbele ya watu akaniambia, "Issa, wewe umepima mashamba ya Wazungu. Nipimie hilo korongo. Nataka kujua litafika mlangoni kwa mama baada ya masika mangapi."

Mwanangu, mimi kuulizwa swali na mjomba mbele ya watu! Usiku huo sikulala kwa furaha.

Asubuhi nilipima kutoka ukutani kwa Bibi mpaka ukingoni. Hatua sita. Hilo halikuwa na ubishi. Kilichobaki ni kujua korongo linakwenda hatua ngapi kwa mwaka, na hapo lazima uwe na mtu anayekumbuka ukingo ulikuwa wapi zamani, na zamani hiyo ilikuwa lini. Mahali watu waliweza kunionyesha: palikuwa na visiki, palikuwa na mawe, palikuwa na kona ya shamba la fulani. Tatizo lilikuwa miaka. Kalenda nani alikuwa nayo? Wanaume wa kijiji walihesabu kwa jando. Kila kundi la vijana walioingia jandoni pamoja lilikuwa na jina lake, na mzee alikuwa anaweza kukutajia makundi yote yaliyomfuata bila kuruka hata moja. Nikaona hapo nimepata kalenda. Mimi nilikulia Ruponda kwa baba yangu, na kule jando lilifanywa kila mwaka baada ya mavuno, vijiji vingi vikiungana. Jando moja, mwaka mmoja. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Nikaanza na wazee wa upande wa Bibi. Mzee Bakari akanionyesha kisiki cha mninga: mwaka alipoukata mti ule, ukingo ulikuwa pale. Kutoka kisikini mpaka ukingo wa sasa, hatua ishirini na nne. Makundi yaliyoingia jandoni tangu hapo, manane. Hatua tatu kwa mwaka. Mzee Athumani akanionyesha jiwe lake: hatua kumi na tano, makundi matano. Tatu tena! Wa tatu, shemeji yake, alitoa jibu lililopungua tatu kidogo sana. Niliruka kwa furaha pale pale shambani. Watu watatu, vitu vitatu tofauti, na jibu moja.

Kisha nikavuka kwenda ng'ambo ya pili kwa Mzee Mnali, kwa sababu alikuwa mkubwa kuliko wote na nilitaka anipambie daftari. Akanionyesha upande wetu, mahali njia ilipokuwa inashukia korongoni alipokuwa kijana. Hatua thelathini mpaka ukingo wa sasa. Akayataja makundi ya jando ya kwao, taratibu, akikunja vidole. Yakafika thelathini. Hatua moja kwa mwaka!

Nilimwomba arudie. Akarudia vilevile, jina kwa jina. Na mimi, mwanangu, mbele ya wajukuu zake, nikacheka. Nikasema, "Mzee umeshachoka, makundi mengine unayataja mara mbili." Nikachukua penseli nikalikata jibu lake pale pale anaangalia. Alichukua jembe lake akaendelea kupalilia, na mimi nikaondoka nikipiga mluzi.

Hatua tatu kwa mwaka, zimebaki sita. Masika mawili. Na ukiweka mvua moja mbaya, nikamwambia mjomba, hata masika moja. Mjomba hakungoja. Wiki ile ile vijana wa ukoo walikuja wakaezua nyumba, nyasi zikagawiwa, mlango ukapewa jirani aliyekuwa anajenga. Bibi alikaa kwenye kinu chake anawaangalia. Aliniuliza mara moja tu, "Una hakika, Issa?" Nikamwonyesha daftari. Hakujua kusoma, na mimi nilijua kwamba hajui. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya yote.

Nkowe walimjengea chumba kizuri nyuma ya nyumba ya mjomba. Alitunzwa, sisemi uongo. Lakini udongo wa pale ni wa mchanga. Alifinyanga chungu cha kwanza kikapasuka kabla hakijafika motoni. Cha pili kikapasuka. Cha tatu akakiacha nusu, mikono akainawa, na tangu hapo hakufinyanga tena. Alikaa mchana kutwa mkekani akipepeta ufuta wa watu wengine. Mke wa mjomba aliniambia kwamba hata kuongea ameacha, anaitikia tu. Niliposikia hivyo nilijiambia atazoea.

Nilikwenda kumsalimu kabla ya mvua kuanza. Nikamkuta na ungo wake. Nikamsalimia, akaitikia, nikakaa. Baada ya muda akaniuliza, bila kuinua macho:

"Lile korongo, kwa hesabu zako, lina miaka mingapi?"

Nikafurahi kwamba anauliza. Kila mtu wa Nandagala alijua maji yalianzia kwenye mwamba mwekundu ulioko katikati ya korongo. Kutoka mwambani mpaka ukingo wetu nilikuwa nimepima: hatua sitini. Kwa hatua tatu kila mwaka, nikamwambia, lina miaka ishirini.

Akaacha kupepeta.

"Na wewe una mingapi?"

"Ishirini na miwili, Bibi."

"Basi wewe umelizidi korongo kwa miaka miwili." Akaanza kucheka, kwanza kidogo, halafu mpaka ungo ukaanguka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu ahamie pale, mke wa mjomba akatoka jikoni kuja kuangalia kuna nini. "Wewe mwana! Mama yako alipokuja kwangu kukuzaa alizunguka mpaka kule juu kwa sababu hakuweza kuvuka. Mkunga naye tulimngojea kwa sababu ya korongo hilohilo, nusura uzaliwe hakuna mtu. Na mimi kabla sijachezwa unyago nilikuwa nachimba udongo mle. Lilikuwa dogo, tunaliruka, lakini lilikuwepo. Sasa niambie, mwenye daftari, mimi udongo ule nilikuwa nachimba hewani?"

Nilikuwa nimezaliwa kwenye nyumba ile, habari ya mkunga nimeisikia tangu utoto, na hesabu yangu ilikuwa inasema korongo halikuwepo. Mambo hayo mawili nilikuwa nayo kichwani siku zote na sikuwahi kuyaweka pamoja.

"Uliwauliza wangapi?" akasema.

"Wanne."

"Wanaume wote?"

Nikainamisha kichwa. Wanawake ndio waliokuwa wakishuka korongoni kila siku kuchota maji na kuchimba udongo, na sikuuliza hata mmoja.

"Na kati ya hao wanne, wote walisema mamoja?"

Hapo nikamwambia habari ya Mzee Mnali na jinsi nilivyomkata. Kicheko kikamwisha Bibi. Kisha akaokota ungo wake. Alisema kwa sauti ya chini, si kwa ukali, na ukali ningeustahimili vizuri zaidi: "Mtu mmoja alikuambia jambo ambalo hukulipenda, ukasema amezeeka. Rudi kwake. Usiende kumwomba jibu lingine. Kamuulize amehesabu vipi."

Kesho yake alfajiri nikaondoka. Sikupitia popote. Mzee Mnali nilimkuta shambani, na safari hii penseli ilikuwa mfukoni. Nikachuchumaa nikamshika miguu kumwomba radhi. Akaniinua akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia sijala, akaniita tukale muhogo kwanza, na kula kule, mwanangu, kulikuwa kugumu kuliko matusi yoyote. Tulipomaliza nikamuuliza: jando la kwenu linafanywa lini?

"Kila mwaka," akasema. "Sisi huku tunaungana na vijiji vya juu, chakula hakikosekani. Wale wa upande wa bibi yako ni wachache, walikuwa wakingoja. Mwaka huu mavuno mabaya, wanaacha. Mwaka ujao wavulana hawatoshi, wanaacha. Jando lao ni kila baada ya miaka mitatu. Hukujua?"

Sikujua. Na sikuuliza, mwanangu, kwa sababu mambo ya jando hayaulizwi hovyo, nami niliogopa kuonekana sina adabu. Mzee akatikisa kichwa. "Ya ndani ndiyo hayaulizwi. Lakini linafanywa lini, hilo hata wanawake wanajua. Nani anayetwanga unga wa kulishia watu wote wale?"

Nikakaa chini nikahesabu upya kwa kijiti, ardhini. Makundi manane ya Mzee Bakari ni miaka ishirini na minne. Hatua ishirini na nne. Makundi matano ya Mzee Athumani ni miaka kumi na mitano. Hatua kumi na tano. Moja kwa mwaka, moja kwa mwaka. Na korongo lote, hatua sitini, miaka sitini, na Bibi akiwa msichana analiruka. Kila kitu kikakaa mahali pake. Wazee wote wanne walikuwa wamesema kweli. Aliyekosea ni mmoja tu, naye alikuwa ameshika penseli.

Lakini angalia hapa, maana hapa ndipo nilipotaka kukufikisha. Wale watatu waliokubaliana walinidanganya kuliko kama wangegombana. Niliona ni mashahidi watatu. Kumbe wote walikuwa wanahesabu kwa kalenda moja, na kalenda hiyo nilikuwa nimeisoma vibaya, kwa hiyo kosa langu likaingia kwa wote kwa kipimo kilekile. Ningewauliza kumi wa upande ule, wote kumi wangenipa tatu. Mmoja wa ng'ambo ndiye pekee aliyekuwa anaweza kunionyesha kosa, na ndiye niliyemkata.

Kumwambia mjomba kulikuwa jambo jingine. Nilisimama mbele yake nikasema nimekosea, bado masika sita. Alinitazama mpaka nikaanza kuhesabu vidole vya miguu yangu. "Nyumba nimeshaiezua," akasema. "Utaiezeka wewe." Niliiezeka. Nyasi nilikata mwenyewe, kamba nilichuna mwenyewe, mlango nilikwenda kumwomba yule jirani, akanirudishia huku akinitania hadharani siku tatu mfululizo. Mvua ya kwanza ilinikuta juu ya paa.

Bibi nilimrudisha kwa miguu kama tulivyokwenda, mtungi kichwani kwangu. Safari hii alitembea nyuma yangu akiniambia nisitingishe. Alipofika hakuingia ndani. Alipita moja kwa moja mpaka ukingoni, akashuka polepole na fimbo yake, na nilipomfuata nilimkuta ameshachota donge la udongo analikanda, machozi yanamtoka na hayafuti kwa sababu mikono ina udongo. Mimi pia nililia. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na kaptula yenye mikunjo, nikalia.

Aliishi masika matano mengine katika nyumba ile, akifinyanga. Alifariki mchana mmoja wa kiangazi, kwenye kitanda chake, na mjomba Rashidi alikuwa amemshika mkono. Ukingo ulikuwa hatua moja na ushei kutoka ukutani. Masika ya sita nilikwenda na kamba yangu kuangalia, nina hakika nyumba itaondoka. Haikuondoka. Iliondoka ya saba. Yaani hata hesabu iliyosahihishwa ilikosea kwa mwaka mmoja, na mpaka leo sijui ni mvua ilikuwa chache, ni hatua zangu fupi, au kuna mzee alisahau kundi moja. Nimekaa na swali hilo miaka yote hii, wala halinichukizi. Limenizuia kuvimba kichwa.

Kwa hiyo, mwanangu, hili ndilo neno langu. Hao wa upande wa pili usiwakate kwa sababu hujawapenda. Ukiweza kuonyesha walipokosea, onyesha, nami nitakupigia makofi kutoka huku Nandagala. Lakini kama hujui, andika kwamba hujui, na jibu lao liache palepale kwenye karatasi yako, watu walione. Waendee uwaulize wamehesabu vipi, na ule nao muhogo. Wa upande wako wakikubaliana wote, usisherehekee kwanza. Angalia kama hawajatumia jando moja. Na hesabu yako ikikuletea korongo dogo kuliko wewe, usilione korongo ndilo lenye makosa.

Anga lako halitamwezulia mtu nyumba, najua. Lakini tabia unayoizoea kwenye nyota utakwenda nayo kwa watu, na siku moja kutakuwa na mtu amekaa kwenye kinu chake anakuuliza kama una hakika.

Mtungi wa Bibi Somoe uko hapa kwangu, na maji unayoyasifia kila ukija kwamba ni baridi yanatoka humo. Njoo likizo hii. Mungu akupe afya, akupe macho ya kufika mbali huko unakotazama, asikunyime chakula wala wenzio wa kucheka nao. Na kila utakapokuwa na hakika sana, mwanangu, akujaalie mtu wa kukuuliza swali kabla hujaezua nyumba ya mtu.